Shauri Lililopanda Mlima

Abasi alirudishwa Mbakwe akiwa amelazwa kwenye machela. Alikuwa hai, lakini homa aliyoipata kwenye kifungo cha mnyororo, chini Morogoro, ilikuwa imemnyang'anya sauti. Dada yake Mwaisha alimlaza ndani, akamnywesha uji mwepesi, akamwita kwa jina la utotoni. Abasi alimtazama. Aliinua mkono kuelekea mlimani, upande wa shamba, kisha mkono ukaanguka juu ya mkeka. Kesho yake alifariki, wakamzika kabla ya alasiri.

Hivyo Mwaisha hakupata kusikia kutoka kinywani mwa kaka yake yaliyosemwa bomani. Alikuwa amesikia kutoka kwa akida tu.

Akida Rehani alikuwa amepanda Mbakwe siku chache baada ya shauri la ardhi kusikilizwa bomani, akakaa kwenye kiti chake ambacho mpagazi alikibeba nyuma yake kila alikokwenda. Aliwaambia watu kwamba Abasi amekiri mbele ya Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye boma. Amekiri kwamba ardhi yote kutoka kijitoni kwenda juu ni msitu wa serikali, na kwamba ukoo wake umeilima kwa wizi. Amefungwa kwa kuidanganya serikali. Mashamba yaachwe kabla ya mvua.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na neno. Ilikuwa miaka michache tu tangu vita vya kuwapinga Wazungu, na watu walikuwa wamejifunza kunyamaza.

Siku zile mashauri ya boma yalisikilizwa hadharani. Bwana Mkubwa aliketi barazani nyuma ya meza yake, askari wakisimama kando, na yeyote aliyetaka aliweza kuchuchumaa uani na kutazama. Lakini kutoka Mbakwe hadi Morogoro ni mteremko wa siku nzima, na kurudi ni taabu zaidi, na wengi hawakuwa na shughuli huko. Mambo ya boma yalipanda mlima kwa kinywa kimoja. Akida mwenyewe alilisema hilo waziwazi: maneno ya boma hupitia kwake, na atakayeyaleta kwa njia nyingine atajibu. Mpagazi mmoja wa kijiji, aliyeitwa Maneno, alijaribu. Akiwa kilabuni alisema kwamba yeye alisikia vingine. Aliitwa, akalazwa chini, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Tangu siku hiyo ukimwuliza habari za Morogoro, anakueleza habari za chumvi.

Ardhi yenyewe ilikuwa bonde dogo linaloanza kijitoni na kupanda hadi kwenye jiwe kubwa jeusi, ambalo juu yake ndipo msitu unapoanza. Udongo wake ulishika maji hata wakati wa kiangazi. Ilikuwa ardhi ya mama yake Mwaisha, na ya mama wa mama yake, kwa kuwa huku ardhi hufuata upande wa mama. Abasi hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mjomba, msemaji wa ukoo, na kazi yake ilikuwa kulisimamia. Mwaisha na binti zake ndio waliolima.

Tangu gari moshi lifike Morogoro, Wazungu walitaka viazi na kabichi, na wapagazi wa akida waliteremka na matenga kila juma. Watu waliliona hilo. Inawezekana akida hakuanza kwa nia mbaya. Pengine mtu hutamani bonde kwanza, na sababu huja baadaye, nayo ikija humwonekea kuwa ya haki. Lakini bonde alilowaambia watu waliache lilikuwa lile lile linalofaa viazi, na mvua zilikuwa karibu.

Siku iliyofuata mazishi, Mwaisha alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi ya kuwalisha waombolezaji. Chausiku alikuja, akaketi mbele yake, akachukua gunzi.

Chausiku alikuwa mwuza ndizi. Aliteremka Morogoro mara kwa mara na tenga kichwani, na mahali pake pa kuuzia palikuwa mkabala na lango la boma. Alikuwa mtu wa kelele, na aliweza kumwiga yeyote, kuanzia padri wa misheni hadi mbuzi wa padri. Tena ukoo wake na ukoo wa Mwaisha walikuwa watani tangu zamani, kwa hiyo msiba huu ulikuwa wake kwa namna nyingine: kupika, kuchota maji, kutukana, na kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Siku ile hakuwa akichekesha.

"Mtani," alisema polepole, "kaka yako hakukiri kitu."

Mwaisha hakuinua uso. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona. Ndizi zilikuwa zimekwisha, nikaingia uani kupumzika kivulini, nikamwona Abasi anaitwa. Nikatazama tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Sema."

"Akida alisema mpaka ni kijito. Abasi akasema mpaka ni jiwe. Bwana Mkubwa akakunjua karatasi yake yenye mistari, akaita yule Mzungu wa misitu, wakanong'onezana. Kisha akasema jiwe. Jiwe, mtani! Chini ya jiwe ni penu, juu ya jiwe ni pa serikali. Abasi alishinda."

Mahindi yalimponyoka Mwaisha mkononi.

"Kama alishinda, alifungwa kwa nini?"

"Kwa mdomo wake. Alipokwisha kushinda alimgeukia akida, akamwambia jambo. Bwana Mkubwa akasema kumtukana akida ni kuitukana serikali. Mnyororo."

"Alimwambia nini?"

Chausiku alimwambia. Mwaisha alifunika mdomo kwa ncha ya kaniki, na kwa mara ya kwanza tangu machela ifike mabega yake yalitikisika kwa kitu kisichokuwa kilio.

Kisha akatulia. "Umekaa na jambo hili muda wote huu, Chausiku."

"Niliuona mgongo wa Maneno."

Mwaisha alilifikiria jibu hilo. Hakuliona kuwa jibu baya. Aliokota punje zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Ukiniambia mimi peke yangu, haisaidii," alisema. "Nikimwambia jirani, ataogopa. Nikienda kwa jumbe Pazi, atasema neno la akida ni zito kuliko neno la mwuza ndizi. Lazima lisikike na watu wote, akida mwenyewe akiwepo, tena pahali ambapo hawezi kukugusa."

"Pahali hapo hapapo, mtani."

"Siku ya kuondoa tanga," Mwaisha aliuliza, "nani atavaa kanzu ya Abasi?"

Chausiku alimtazama. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayenusa chakula kabla hajakiona.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye mtani wake."

"Basi uivae vizuri."

Desturi ilikuwa hivi. Siku ya kumaliza matanga, mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akasema maneno yake mbele ya watu. Kama marehemu alikuwa mchoyo, ataonyeshwa uchoyo wake. Kama alilewa, mtani atapepesuka mpaka kwa wakwe. Wafiwa hulia na kucheka pamoja. Na hakuna anayemkasirikia mtani. Anayemkasirikia mtani ameuvunja utani, na aliyeuvunja hurudisha vyote alivyokula kwa jina la utani.

Akida Rehani aliijua desturi hii vizuri, maana ilimlisha. Mama yake alikuwa Mzigua, na Wazigua ni watani wa Waluguru, watu wa milima hii. Siku ya kwanza alipopanda milimani, kabla hata hajakaa kwenye kiti chake, alimkamata jogoo mwekundu wa Mama Pili na kusema, "Mtani hafukuzi mtani!" Watu walicheka. Walifurahi kupata akida anayejua utani. Tangu hapo kila alikopita alichukua: kuku, mkungu wa ndizi, mbuzi, mkeka mpya. "Sisi ni watani," alikuwa akisema, na mpagazi wake akabeba. Hata matanga hakuyakosa, kwa sababu watani hupata fungu lao la nyama.

Alikuja hata kwenye matanga ya Abasi. Ilikuwa asubuhi yenye ukungu uliokuwa ukiinuka bondeni. Kiti chake kiliwekwa karibu na sufuria, na askari wawili wakasimama nyuma yake. Alimpa Mwaisha pole kwa sauti njema. Mwaisha alikaa mlangoni, shuka kichwani, akaitikia.

Watu walikuwa wengi. Walitoka ng'ambo ya bonde na vijiji vya misheni pia. Paskalia, Mkristo ambaye shamba lake lilipakana na la Mwaisha, alikuja na kikapu cha maharage akakaa mbele kabisa.

Chausiku alitokea nyuma ya nyumba.

Kanzu ya Abasi ilimfika vidoleni, na kofia yake ilimkalia kwenye nyusi. Alitembea akivuta mguu wa kushoto, kama Abasi alivyouvuta tangu alipoanguka migombani. Alisimama, akajikuna shingo kwa kidole kimoja, akakohoa kikohozi kile kifupi cha mtu aliye tayari kubisha. Vilio vilipasuka upande wa wanawake, na nyuma ya vilio kicheko.

"Mnalia nini?" Chausiku alisema kwa sauti ya Abasi. "Mlipokuwa mkinikopa tumbaku hamkulia. Maneno, wewe hulii, unatazama kama kuna pombe."

Watu wakacheka. Akida naye alicheka, akapiga goti lake.

"Sasa," Chausiku alisema, "nimetoka safari, na msafiri husimulia. Nimetoka bomani."

Kicheko kilikatika.

Alivuta kinu, akakigeuza mdomo chini, akakaa nyuma yake wima kabisa, kidevu juu, vidole vikigonga kitako cha kinu kana kwamba ni meza. Akapindisha masharubu yasiyokuwapo. Wengi waliokuwa pale walikuwa hawajawahi kushuka Morogoro maishani mwao, lakini waliliona boma: baraza, bendera, askari waliosimama kama miti.

"Kimya!" alibweka. "Shauri ya leo nini? Akida, sema upesi."

Akaruka upande wa pili. Akashika tumbo kama mwenye tumbo kubwa, akalainisha sauti ikawa kama samli. "Bwana Mkubwa, hawa watu wa Mbakwe ni wezi wa msitu. Mpaka ni kijito. Wamevuka kijito."

Akida kwenye kiti aliacha kutabasamu. Askari mmoja alimtazama mwenzake.

Chausiku akawa Abasi tena. Mguu ukavutwa, shingo ikakunwa. "Bwana, mpaka ni jiwe. Bibi yangu alilima mpaka kwenye jiwe. Mlipokuja kupanda vijiti vyenu vya mpaka wa msitu, mlivipanda juu ya jiwe, mimi mwenyewe niliwachotea maji. Kama mpaka ni kijito, mbona vijiti vyenu mlivipanda kule?"

Akarudi nyuma ya kinu. Akakunjua jani la mgomba, akalisoma, akaligeuza juu chini, akalisoma tena. Akanong'ona na mtu asiyekuwapo. Kisha akagonga kinu kwa ngumi.

"Abasi kweli! Mpaka jiwe. Chini ya jiwe, shamba yenu. Juu ya jiwe, msitu ya serikali. Akida, wewe sikia? Jiwe! Shauri kwisha!"

Paskalia alikuwa amesimama bila kujijua.

Akida Rehani alisimama pia. "Basi," alisema. "Inatosha. Mwanamke, vua kanzu hiyo."

Chausiku hakumgeukia. Alimgeukia akida mwingine, yule wa hewani, aliyekuwa amesimama mbele ya kinu. Akasema kwa sauti ya Abasi, polepole, maneno ambayo Abasi alifungwa kwa ajili yake:

"Akida, wewe ulikuja kwetu mkono mtupu tukakuita mtani. Ukala kuku, ukala mbuzi, ukala mkeka. Sasa umebakiza kumeza bonde. Tahadhari, ndugu yangu. Lina jiwe ndani."

Watu walilipuka. Mzee mmoja alianguka kwenye mkeka akishika mbavu. Na katikati ya kelele ile akida alipiga ukelele: "Mkamateni!"

Askari walichukua hatua moja. Hapo jumbe Pazi, mkuu wa kijiji, aliinuka. Alikuwa mtu mwoga, na yeye mwenyewe angekubali hivyo. Aliogopa boma, aliogopa akida, aliogopa hata mke wake. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa zaidi, nacho ni mtu kuuvunja utani penye msiba, machoni pake.

"Shikamoo, akida," alisema. "Nakuuliza tu ili nijue. Umekasirika?"

"Unaniuliza nini?"

"Nauliza umekasirika kweli, au ni mzaha? Maana kama umekasirika, huna utani nasi tena. Na kama huna utani nasi..." Akawatazama watu waliokuwa nyuma yake. "Kuna vitu vya kurudisha."

"Jogoo wangu!" Mama Pili aliita kutoka nyuma. "Jogoo wangu mwekundu!"

"Mbuzi wetu wa madoa!"

"Mkeka wa harusi ya binti yangu!"

"Kuku wa Paskalia! Tena alikuwa anaatamia!"

"Na mayai yake!" Paskalia alimalizia. "Nayataka yakiwa vifaranga!"

Sauti zilitoka kila upande, na kila sauti iliyotoka iliipa nyingine nguvu. Hata Maneno, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na habari ila za chumvi, alisimama.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa uani. Ilisemwa hivyo hivyo. Jiwe. Nililisema kilabuni, nikapigwa. Nalisema tena."

Akida alitazama huku na huku. "Mnataka niwapeleke wote bomani?"

"Tupeleke!" Chausiku alijibu, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Tena anza na mimi. Nikifika kule nitamwigiza Bwana Mkubwa mbele ya Bwana Mkubwa. Nitamwuliza, bwana, ulisema hivi, au ulisema kijito? Nipeleke, mtani. Siku nyingi sijapanda machela."

Kila aliyekuwa pale aliona kwamba akida amelielewa jambo hilo: bomani ndipo pahali pekee ambapo asingependa shauri hili lifike tena.

Ndipo Mwaisha aliposhusha shuka kichwani. Hakuinuka. Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie.

"Akida, kaka yangu amelala chini ya udongo, na wewe umesema alikiri. Watu hawa wamekuwa wakinitazama kama dada wa mtu aliyeiuza ardhi ya mama yake. Sasa umeyasikia. Kama ni mzaha, cheka. Kama si mzaha, tujibu."

Ukungu ulikuwa umeinuka kabisa. Jiwe lilionekana wazi juu ya bonde, jeusi, likimeta umande.

Akida Rehani alicheka.

Hakikuwa kicheko kizuri, lakini kilikuwa kicheko, na watu wote walikisikia. "Watani," alisema, akijifuta uso. "Watani nyinyi mtaniua." Akaketi.

Wengine wangeishia hapo, wakaanza kupakua nyama. Chausiku hakuishia hapo. Wafiwa hawashiki jembe mpaka matanga yaishe, na kazi yao yote ni kazi ya watani. Alikwenda ukumbini, akarudi na majembe mikononi, akawagawia watu wa ukoo wake mmoja mmoja.

"Mvua zinakuja, na shamba la mfiwa halijaguswa," alitangaza, kanzu ya Abasi ikiburuta vumbi. "Kazi ya watani! Tunalima kutoka kijitoni mpaka kwenye jiwe. Akida, si umesema wewe ni mtani? Au nimesikia vibaya?"

Akamnyooshea jembe.

Akida alilitazama jembe lile. Mtu ambaye angekaa kwenye kiti chake labda angeelewa uzito wa jembe hilo. Akilikataa, jogoo mwekundu, mbuzi wa madoa, mkeka, na yote mengine yangemfuata mpaka mlangoni kwake. Akilipokea, watu wote wangemwona analima kule juu ya kijito, mahali alipopaita msitu.

Alilipokea. Alivua koti, akampa askari alishike. Akashuka nao bondeni, wakavuka kijito, na kijiji kizima kikafuata, wafiwa wakiwa nyuma. Alipiga jembe karibu na jiwe. Udongo uliachama, mweusi na mbichi. Alipiga tena, akaegemea mpini akihema, na wanawake wakampigia vigelegele vikali ambavyo vingeweza kuwa vya heshima.

Mwaisha alisimama kando, mikono imekunjwa kifuani, akatazama. Hakucheka. Alikuwa akikumbuka mkono ule ulioinuliwa kuelekea mlimani, na sasa alijua ulikuwa unasema nini.

Akida aliondoka kabla ya chakula. Fungu lake la nyama alipelekewa, kwa sababu desturi ni desturi.

Mvua zilipoanza, tarishi wa akida alikuja na kusimama kijitoni. Alisema ametumwa kuuliza kama mashamba ya juu ya kijito yameachwa. Mwaisha alikuwa akipanda maharage, na hakunyoosha mgongo.

"Kamwulize akida," alisema. "Tulilima naye."